Kisanduku cha Saa Saba

Mume wangu aliinunua kwa baharia mmoja pale bandarini alikokuwa akifanya kazi, miaka ya themanini. Redio mpya kabisa, ya kaseti, lakini imeundwa kwa sura ya kikale: kisanduku cha mbao cha kuweka juu ya meza, spika mbili zenye kitambaa cha rangi ya dhahabu, na vifungo vya kuzungusha kama vya redio ya babu yangu. Nikamcheka. "Pesa zote hizo, ukanunua kipya kinachojitia uzee!" Akaifungulia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Wallahi, ilikuwa na sauti.

Na sauti hiyo ndiyo iliyonifunga.

Nyumba yetu ya Mikindani ilikuwa na wapangaji watano, wote watu wa bara, wafanyakazi wa viwandani. Simu hakuna. Kwao mtu akifa, jamaa hupeleka jina redioni, na baada ya habari ya saa saba mchana husomwa matangazo ya vifo: nani amefariki, mwana wa nani, atazikwa lini. Saa hiyo wao wako kazini. Basi kusikiliza kukawa kazi yangu. Walinipa majina ya wazee wao, nikayaandika katika daftari la mwanangu. Hebu fikiria: majina ya watu walio hai, na mimi kila siku nimekaa kusikia kama wamekufa!

Siku moja nilichelewa sokoni Changamwe. Likasomwa jina la babake mpangaji wa chumba cha nne, na nyumbani hamna mtu. Alipopata habari, mzee ameshazikwa. Yule bwana alilia uani mbele yetu sote, na hakunilaumu hata kwa neno. Afadhali angenitukana. Tangu hapo, ikifika saa saba niko kitini.

Kisha mamangu akaugua, kule Likoni. Nikaomba nikamuuguze, japo siku nne. Mume wangu hakukataa, alikuna kichwa tu. "Nenda. Lakini saa saba nani atasikiliza?"

Na kwa mama hakuna redio. Basi nikawa natoka alfajiri, namwogesha, nampikia uji, na saa nne nimeshavaa buibui. Mama hunishika mkono. "Kaa kidogo, mwanangu."

"Kesho, mama."

Kwenye feri nilikuwa nikiichukia redio ile mpaka meno yananiuma. Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nikakosa ulimi wa kusema basi, nimechoka, tafuteni mwengine.

Siku yenyewe sikwenda. Nguo zilikuwa zimerundikana, nikasema nifue, mama nitamwona kesho. Saa saba ikafika, nikaketi na daftari langu. Matangazo ndiyo kwanza yameanza, nasikia hodi. Shemeji yangu, mume wa dada, amesimama mlangoni jasho linamtiririka. Akafungua kinywa. Nikamwinulia mkono.

"Sss! Kaa, shemeji, ngoja yaishe."

Akaketi. Ni mtu mpole, mwenye adabu zake. Alivua kofia akaiweka gotini, akatazama sakafu. Siku hiyo majina yalikuwa mengi, nayo yalisomwa polepole, kidole changu kikipanda na kushuka kwenye daftari. Hakuna hata mmoja wa daftarini mwangu.

"Alhamdulillahi, leo salama," nikasema, nikazima. "Haya shemeji, habari za Likoni?"

Akaanza kulia.

Sisi hatusomwi redioni. Kwetu maiti hangojeshwi. Mama alikata roho asubuhi, na mazishi ni alasiri. Tulikimbia kama tulivyo, mimi na kanga zangu za kufulia. Gari likakwama Makupa. Kivukoni lango likafungwa mbele ya macho yetu, tukangoja feri nyingine. Nilipofika, dada zangu walikuwa wameshamwosha mama na kumvika sanda bila mkono wangu. Jeneza nililiona kwa nyuma tu, mabegani mwa wanaume, likikata kona kuelekea msikitini. Kwetu wanawake hawendi makaburini. Nikasimama njiani mpaka vumbi likatulia.

Siku ya tatu, matanga yakianuliwa, nilimkabili shemeji kwa hasira. Mbona hukunikatiza? Mbona hukupiga kelele, hukuivunja ile redio?

Hakuinua macho. "Uliniambia ningoje yaishe," akasema.