Fremu ya Mlango wa Bi Khadija

Hadi leo sivumilii harufu ya rangi mbichi. Juzi jirani yetu hapa Randburg alikuwa anapaka geti lake, nikafunga madirisha yote. Mama akadhani naumwa.

Nilikuwa na miaka kumi, tumepanga mtaa wa Mayfair kwa Bi Khadija, Mhindi mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa akimsahihisha baba yangu Kiswahili, na baba ni mtu wa Tanga! Mwalimu alituambia tuandike historia ya mtaa wetu. Mimi niliyeogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nikajikuta kila jioni jikoni kwa Bi Khadija, nauliza maswali.

Akanionyesha fremu ya mlango. Upande mmoja kulikuwa na alama za penseli: urefu wa watoto wa Kizungu waliokaa pale zamani, baba yao akifanya kazi mgodini. Upande wa pili, watoto wake mwenyewe, enzi sheria ya ubaguzi wa rangi ilipomkataza Mhindi kukaa mtaa ule. Nyumba iliandikishwa kwa jina la Mzungu, wao wakaishi humo mapazia yamefungwa. Kila asubuhi ya Idi aliwapima.

"Njoo na wewe, kimbaumbau," akaniambia Idi ya mwaka ule. Akachora alama ya urefu wangu. "Haya, umeshaingia kwenye historia."

Baba naye akirudi kutoka kazini: "Mwanahistoria, leo umefika wapi?" Namsomea, anacheka, anataka nirudie.

Siku niliyopata maksi nzuri nilikimbia mpaka nyumbani. Nikamkuta baba juu ya stuli, brashi mkononi, fremu nyeupe pee.

"Eish. Umewahi leo."

Ndipo aliponieleza: nyumba ilishauzwa kabla sijaandika hata mstari. Bi Khadija anakwenda kwa mwanawe, sisi tunahama, na mnunuzi kampa baba kazi ya kupaka rangi.

"Mngeniambia, ningezinakili alama."

"Penseli tu hizo, mwanangu."

Nikamgeukia Bi Khadija. Alikuwa anakunja mapazia, hakuinua macho.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba baba hakuwa na roho mbaya. Kunisikiliza kila jioni kulikuwa rahisi kuliko kuniambia kwamba nyumba imeuzwa. Naelewa kabisa. Ila tangu siku ile, kila akiniuliza shuleni kulikuwaje, nilimjibu "shapu", yaani poa tu, nikaingia chumbani. Naye siku hizi haulizi tena.