Kaka Yangu Alivyoposa kwa Mahadhi ya Wanawake

Kila vuli, mvua ikishaanza kuikata barabara, afisa wa utamaduni wa Garissa alikuwa akiandaa jioni za ushairi katika ukumbi wa mji. Zilianza baada ya Alasiri na kumalizika kabla ya Magharibi. Afisa huyo hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka bara, upande wa ziwa, na aliamini alama kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Alitoa alama kwa sauti, kwa mavazi na kwa ujumbe, akazijumlisha mbele ya watu, kisha akamkabidhi mshindi chupa ya chai. Watunzi wetu, ambao mababu zao walianzisha vita na kuvimaliza kwa shairi moja, walipanga foleni kwa heshima zote wakingojea chupa ya chai.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, bila kazi, na nikiwa na maswali mengi kuliko nguo. Nilimuuliza afisa kwa nini mavazi ya mshairi yapewe alama. Akasema ndivyo ulivyo mwongozo. Nikamuuliza mwongozo umeandikwa na nani. Hakunialika tena kwenye maandalizi.

Mwaka huo kaka yangu mkubwa alitaka kuoa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, mtu mpole, mrefu, ambaye masikio yake Mungu aliyaumba kwa ajili ya kushikilia miwani tu. Alimpenda binti wa mjane mmoja aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Binti alimtaka, na mama wa binti alimtaka pia. Lakini baba wa binti alikuwa amefariki, na neno la mwisho lilikuwa la ami yake, mfugaji kutoka Takaba, mzee mwenye ndevu za hina na ulimi unaoogopwa katika visima vingi.

Ami huyo alikuwa amekuja Garissa kwa lori la mifugo, na mvua ikamzuia kurudi. Wazee wetu walipokwenda kuposa, hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa shairi. Lilikuwa gabay, lile shairi refu la wanaume linaloimbwa polepole, kama mtu anayetembea na ngamia waliochoka. Kwetu shairi la namna hiyo lina sharti: kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile. Yeye alichagua D. Alianza na mawingu ya vuli, akapita kwenye fadhila za mpwa wake, na alipofika katikati akauliza iwapo chaki hukamuliwa, na kama hukamuliwa, hutoa maziwa kiasi gani.

Kisha akawaambia wazee wetu, "Mwalimu anijibu ukumbini, mbele ya watu, kwa D ile ile. Mwanaume asiyeweza kujibu shairi hataweza kujibu nyumba. Barabara ikikauka kabla hajajibu, naondoka, na binti atakwenda kwa yule wa Hulugho."

Yule wa Hulugho alikuwa mfanyabiashara mwenye duka na lori. Sikuwahi kumwona, lakini katika nyumba yetu alitajwa kama watu wanavyotaja kipindupindu.

Kaka alinifuata jikoni jioni hiyo hiyo.

"Abaayo," akasema, na kaka yangu huniita dada kwa sauti ile pale tu anapotaka kitu, "wewe umesomea mashairi."

"Nimesomea kuyachambua. Sikusomea kuyatunga."

"Kwa hiyo miaka yote ile umefundishwa kuchinja tu, kufuga hujui?"

"Na wewe kwa nini ukubali? Ndoa na herufi D zina uhusiano gani? Kama angechagua X?"

"Amechagua D ili apate kuniita doqon," akasema kwa huzuni. Doqon kwa Kisomali ni mjinga. "Mara mbili. Wazee waliponisimulia, nilihesabu."

Nilimhurumia. Nikachukua kalamu.

Niseme ukweli kuhusu gabay. Nilijua wanaume wana mahadhi yao kama mtu anavyojua kwamba kuna mji unaoitwa Mandera bila kuwahi kufika. Gabay huimbwa visimani, katika mikutano ya koo, kwenye vibanda vya chai ambako msichana haketi. Kila nilipojaribu, mistari ilitoka kama kondoo anayekohoa. Nikaacha, nikaenda kuosha vyombo, na hapo maneno yakaanza kuja yenyewe, mepesi, yenye mwendo, D baada ya D, mpaka nikaacha sufuria na kuandika mikono ikiwa na povu. Nilitunga kwamba wingu haliulizwi lina ngamia wangapi kabla halijanyesha. Mstari huo ulinifurahisha sana.

Ni kweli kwamba mwendo ule haukuwa wa gabay. Ulikuwa wa buraanbur, mashairi ya wanawake, yanayoimbwa harusini kwa makofi na ngoma huku mmoja akiingia katikati kucheza. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo sikioni tangu utotoni. Nilijiambia mwendo ni mwendo. Nani alisema maneno yana jinsia? Hata leo swali hilo sijajibiwa vizuri.

Nilimsomea mama. Alikuwa akikaanga sambusa. Alisikiliza hadi mwisho, akageuza moja, akageuza nyingine.

"Limekaa vizuri," akasema.

Nililichukua kuwa ni sifa.

Siku ya shairi la kaka, ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye mikeka. Mama alikuwa upande wangu wa kulia, na kulia kwake alikaa mjane, mama wa binti, na mitungi yake mitupu ya maziwa, kwa kuwa alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja. Binti mwenyewe alikuwa nyuma yetu, amejifunika shela hadi puani. Ami wa Takaba alikaa mstari wa kwanza, fimbo kati ya magoti.

Kaka alipanda jukwaani akiwa amevaa koti la harusi ya mtu mwingine. Kwetu msomaji huanza kwa kutaja mtunzi wa shairi. Yeye alikohoa, akapita hapo haraka kama mtu anayemkwepa anayemfahamu njiani, akaanza.

Mstari wa kwanza ulipita salama. Wa pili, niliona ndevu za hina zikigeuka kidogo. Katika wa tatu nikasikia makofi mawili yaliyoangukia pale pale yanapotakiwa kuanguka. Nikatazama kulia. Alikuwa mama yangu.

Hapo hapakuwa tena na wa kuzuia. Mikono ya wanawake wa Garissa imefundishwa wimbo huo kabla ya kufundishwa kula. Mkeka wetu wote ukaanza kupiga makofi, mtu akapindua mtungi wa mjane akaufanya ngoma, vigelegele vikapaa hadi kwenye bati. Kaka, maskini, akadhani anapendwa. Akaongeza mwendo. Akatikisa bega moja. Mbele, wanaume wazima walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa vyao, na mabega yao yakitetemeka. Afisa wa utamaduni alikuwa akitabasamu kama baba wa bwana harusi, akiandika alama.

Ami akainua fimbo. Ukumbi ukanyamaza, isipokuwa mtungi uliochelewa.

"Mwalimu," akasema, "hukututajia mtunzi."

Kaka akanitazama kutoka jukwaani. Angeweza kudanganya. Nilimwona akilifikiria jambo hilo, na nikamwona akishindwa, kwa sababu mtu anayefundisha watoto kwamba hesabu ina jibu moja huzoea.

"Ni la dada yangu," akasema.

Vicheko vikapasuka. "Warya!" mzee mmoja akamwita. "Kwa hiyo dada yako ndiye anayeoa?"

"Akija mkwe, atapika nani?" akadakia mwingine.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimwona kaka yangu pale juu, koti la kuazima likimwelea mabegani, na binti nyuma yangu alikuwa amevuta shela hadi machoni.

Afisa akasimama kusaidia. "Mzee, tuendelee tu. Huyu mshindani amepata alama za juu kabisa upande wa kushirikisha hadhira."

Ami akamgeukia, na kwa kuwa afisa hakujua Kisomali, akamjibu kwa Kiswahili chake. "Bwana afisa, hii si mambo ya bointi. Hii shairi ya wamama. Mimi mwanaume, siwezi jibu hii. Mwanaume yeyote hawezi."

Nikasikia sauti inauliza kwa Kisomali, "Basi nani anaweza kulijibu?" Sauti ilikuwa yangu.

Vichwa vyote vikageuka. Ami akanikagua kutoka ushungi hadi ndala.

"Wewe ndiye dada?"

"Ndimi, adeer," nikasema, nikimwita ami kama tunavyowaita wazee wa kwetu.

"Huko chuo kikuu ulifundishwa nini?"

"Kuuliza."

"Hilo tumeliona. Tofauti ya dume na jike hamkufika?"

"Tulifika. Lakini hujanijibu, adeer. Kama mwanaume hawezi kulijibu, nani anaweza?"

Mzee alishika ndevu zake za hina. Nadhani hapo ndipo alipoona alikokuwa ameingia. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria za ushairi alizijua kuliko njia za kwao. Alipiga fimbo chini taratibu.

"Shairi la wanawake hujibiwa na wanawake," akasema. "Hili halikubisha mlango wangu."

"Limebisha wangu," akasema mjane.

Alikwisha kusimama. Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu sokoni maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya bei ya maziwa. Katika shauri lote la posa hakuna aliyemuuliza kitu. Alikusanya shela mkononi, na mama yangu akaanza makofi kabla mwenzake hajafumbua kinywa, naye mjane akaingia na D yake ya kwanza kana kwamba ilikuwa ikimsubiri mlangoni.

Maneno yake mengi yalikuwa ya ndani, ya nyikani, maneno ya wanaohama na mvua, na mimi msomi niliyaokota nusu tu. Nilielewa kwamba chaki haikamuliwi, ni kweli, lakini pia haifi ukame ukija. Nilielewa kwamba mwanaume anayeazima maneno kwa dada yake na kukiri mbele ya watu hatamficha mkewe kitu, na hata akitaka hatajua namna ya kuficha. Kisha akaja kwa yule wa Hulugho. Ana lori, akasema, na lori ni zuri, na kwa sasa limezama matopeni hadi madirishani, nalo likikwamuliwa mtu atuletee habari. Hata wanaume wa mbele walipiga makofi hapo, wakasahau.

Mjane akakaa. Kaka alikuwa bado jukwaani. Aliinama ukingoni, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima:

"Abaayo, amekubali?"

"Sijui," nikasema. "Ngoja nimuulize mama."

Mama alikuwa akijifuta machozi ya kicheko.

Ami aliirudisha fimbo kati ya magoti. Angeweza kukataa, neno bado lilikuwa lake. Lakini shairi lilikuwa limejibiwa mbele ya mji, kwa sauti ya D, na mtu anayelifuta jibu la namna hiyo hulikuta limemtangulia kufika Takaba. Alimtazama mjane, shemeji yake. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kama mtunzi, na nina shaka kama jambo hilo lilimpendeza.

"D ya tano haikuwa na nguvu," akamwambia.

"Ulinipa wewe herufi," akajibu mjane.

Mzee akacheka, meno machache yaliyobaki yakaonekana. Akamgeukia kaka yangu. "Shuka huko, mkwe. Njoo kesho na wazee wako, uje na ulimi wako mwenyewe. Na huyo dada abaki nyumbani."

"Kwa nini nibaki?" nikauliza.

Watu walikuwa tayari wameinua mikono kwa Fatiha ya posa, nami nikainua yangu.