Mikono Kwenye Sinia

Nilisikia kofi la paja kabla sijamwona mwenye paja. Ndiyo kwanza nilikuwa nateremka kivukoni, nikitokea Sengerema, na nyuma ya magunia ya dagaa sauti ikafuata: "Golikipa kama yule hajazaliwa tena, bwana wee." Nikavuka upande wa pili wa barabara. Sifa za namna hiyo nazikimbia tangu utotoni.

Miaka ile ya kuelekea uhuru nyumba yetu hapa Mwanza ilikuwa karibu na uwanja, na kila baada ya mechi wanaume walikuja kula kwa bibi, wachezaji na mashabiki sinia moja. Tangu mchana nyumba ilinukia sato wa nyanya na ndimu. Kazi yangu ilikuwa kupara magamba mpaka vidole vinanata, na jioni kuzunguka na birika na beseni, nikiwanawisha.

Walibishana huku maji yakiwatiririka. Fundi cherehani alisema ukubwa wa timu ni mabao.

"Mabao hata watoto wa shule wanafunga," mwuza nyama alimcheka. "Ukubwa ni kutofungwa nyumbani kwako."

Baba yangu aliushika mkono wa golikipa, kijana wa kiwanda cha pamba mwenye nyuzi nyeupe nyweleni, akauinua wote wauone. "Ukubwa ni huu hapa. Ziwa lote hili, Bukoba mpaka Musoma, nionyesheni mwingine." Kisha aliuweka juu ya kichwa changu, ili nami nipate baraka.

Golikipa aliona haya. Walipomuuliza yeye anaonaje, alisema tu, "Mkubwa ni yule anayefungwa leo, na kesho bado anasalimiwa." Wakacheka. Bibi hakucheka, alikuwa na msemo wake, kwamba anayekubeba begani ndiye atakayekuangusha.

Jumapili moja ya mvua wakaja wageni wa Bukoba kwa meli. Mpira ulioloa ulimponyoka golikipa mikononi, ukaingia golini polepole, kama bata anayerudi bandani. Tukafungwa moja kwa bila. Kabla hatujafika nyumbani neno lilikuwa limetutangulia: kauza mechi. Eti alionekana bandarini akicheka na wageni.

Jioni alikuja kama kawaida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa ule."

Nikamnawisha, vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alipopeleka mkono kwenye sinia, mkono wa baba ndio uliotoka wa kwanza. Ukafuata wa fundi, kisha wa mwuza nyama, hadi ukabaki mmoja tu juu ya ugali unaofuka moshi.

"Mmeshiba?" bibi aliuliza.

Baba alijibu akitazama ukuta. "Tunamsubiri mkubwa amalize."

Siku hizi uwanja ule ni maghala, bibi tulikwisha kumzika, na sato wa ladha ile sijampata kokote. Sifa za yule golikipa tu ndizo zilizobaki. Baba, mzee sasa, ndiye anayezivumisha kwa sauti kuliko wote, na machozi anatoa. Mimi huutazama mkono anaojifutia.

"Asante kwa chakula, bibi," golikipa alisema jioni ile, naye hakuwa ameonja hata tonge. Bibi akamfungulia, akamtazama akiingia mvuani, kisha akaurudishia mlango nyuma yake taratibu. Alipogeuka, mikono yote ilikuwa imesharudi kwenye sinia.