Jinsi GPS ya USB ilivyotaka kutuzikia koko kwenye shamba la majirani (Bunia)

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kuna mwenzetu aliuliza achukue GPS receiver ya aina gani kwa ajili ya laptop yake. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Nimeona nifungue uzi tu. Yote yalitokea, na sitaongeza chumvi. Yalikuwa na chumvi ya kutosha yenyewe.

Ni mambo ya Bunia, wakati wa vita ya Ituri. Nilikuwa nimemaliza graduat, yaani miaka mitatu ya chuo, ya jiografia, sina kazi. Tulikuwa tumekimbia kijiji chetu upande wa Djugu, tunaishi mtaa wa Lumumba, chumba kimoja mimi na babu yangu. Kwetu babu tunamwita koko.

Koko alikuwa na ombi moja tu. Akifa, alazwe kando ya mke wake, nyuma ya nyumba yetu kijijini.

Sasa nyumba yenyewe ilichomwa. Mikalitusi ilikatwa yote. Nyasi zilikuwa zimempita mtu kimo, na waliojaribu kurudi kuchimba mihogo yao walisema hata njia hawakuiona. Na siku wanajeshi wakikubali watu wapite, wanakubali kwa saa chache tu.

Nikaanza kuwaza: nitalipataje kaburi la bibi kwa saa chache? Koko alikuwa bado anakula vizuri, lakini mimi tayari nilikuwa natafuta GPS.

Laptop ya mtumba nilikuwa nayo. Ndani kulikuwa na program ya navigation, na ramani ya zamani ya Wabelgiji niliyoiscan chuoni. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu chemchemi za kijiji chetu, na kwenye ramani hiyo nilikuwa nimepima kwa rula kila chemchemi, pamoja na nyumba yetu. Kwa hiyo namba za nyumba, yaani latitudo na longitudo yake, nilikuwa nazo. Nilichokosa ni kifaa cha kuniambia mimi niko wapi.

Hapa ndipo kwenye swali la mwenzetu. Nilifikiria aina nne, na nilizifikiria sana.

Ya kwanza ni ile ya mkononi yenye cable ya serial. Laptop yangu haikuwa na port ya serial. Halafu ina antena, inafanana na phonie, ile redio ya kuitana ya wanajeshi. Raia mwenye phonie kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, anaulizwa maswali mengi.

Ya Bluetooth haina waya, lakini ina battery yake ya kuchaji. Bunia miaka ile umeme tuliusikia kwenye jenereta za wengine.

Kuna kadi ya kuchomeka ubavuni mwa laptop. Ukiwa ndani ya gari iko chini ya bati, haioni anga.

Nikabaki na ya USB. Ni kitu cheusi, saizi ya kipande cha sabuni, sumaku chini, waya mrefu, inakula umeme wa laptop. Aliyekuwa nayo ni Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza vifaa vya umeme palepale Lumumba. Nilimuuliza kama inavumilia mvua, kama inashika chini ya miti, kama sumaku yake inaweza kuharibu hard disk.

"Petit," akaniambia, "weye unanunua ao unaoa?"

Nikanunua.

Nyumbani niliichomeka, nikawasha laptop. Mshale wa skrini ukaanza kukimbia wenyewe. Ukafungua folder, ukafunga, ukafungua kazi yangu ya mwisho, ukachagua ukurasa mzima. Nilichomoa haraka kabla haujafuta.

Koko alikuwa amekaa kitandani anatazama. "Iko mutu ndani?"

Hakukuwa na mtu, wakuu. Hili liwafae wengine: ukiwasha Windows huku receiver imechomekwa, inaweza kudhani namba zinazoingia zinatoka kwenye mouse. Washa kwanza, chomeka baadaye. Ikishakosea, nenda Device Manager, itafute hiyo mouse ya uongo, i-disable. Baada ya hapo angalia imepewa COM port namba ngapi, weka namba hiyohiyo kwenye program, na speed 4800. Mimi nilijaribu speed zote kabla ya 4800 kwa sababu ilionekana ndogo mno, nikahisi ni mtego.

Halafu mara ya kwanza inachelewa sana kupata satellite. Nilitoka nayo uani nikasubiri. Koko akatoka na kiti chake.

"Unafanya nini?"

"Natafuta satellite, koko."

"Ya nini?"

Nikasema kweli.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mutoto huyu! Unanipimia kaburi, na miye niko nangoja sombe iive?" Akawaita majirani waje waone.

Alifariki msimu wa mvua uliofuata, usingizini.

Wanajeshi walitukubalia kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Kasereka alitubeba na pick-up yake: sanduku la koko, baba mudogo, yaani mdogo wa baba yangu, na vijana wanne wa familia. Baba mudogo mwenyewe aliondoka kijijini akiwa kijana, njia hakuikumbuka.

Kwenye barrière askari aliinua receiver kwa waya wake. "Hii njo nini?"

"Souris ya ordinateur," nikamjibu. Yaani mouse ya kompyuta. Sikuona kama nimemdanganya. Kompyuta yenyewe ilishawahi kuamini hivyo.

Mbele gari lilikwama, njia imekwisha. Vijana wakabeba sanduku. Mimi nikabeba laptop ikiwa wazi, na receiver niliibandika kwa sumaku juu ya sahani ya bati, sahani nikaifunga kichwani kwa kitambaa ili ione anga. Nilijua ninavyoonekana. Nilikuwa nimeliwaza hilo wiki nzima.

Tukapita nyasi, tukavuka kijito, tukapanda kidogo. Laptop ikasema tumefika, kwa sauti ya mwanamke wa Kifaransa: "Vous êtes arrivé à destination."

Vijana waliweka sanduku chini, wakavua kofia.

Mahali penyewe palikuwa na mihogo michanga, imepaliliwa vizuri. Baba mudogo akaitazama, uso ukabadilika.

"Munaona? Batu ba ng'ambo bamesha kuanza kulima kwetu. Muchimbe! Muchimbe hapahapa, bajue iko ya nani."

Batu ba ng'ambo ni majirani wa upande wa pili wa kijito. Sisi na wao tulikuwa tumechomeana nyumba. Na kwetu, wakuu, ukizika mtu mahali, mahali hapo umesema ni pako. Wajukuu watakuja kusimama pale waseme babu yetu amelala hapa, na hakuna chifu atakayewaondoa. Vita yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa hiyo: nani analima wapi.

Mwanaume mmoja alikuwa amesimama mwisho wa shamba, jembe mkononi.

Vijana wakang'oa mihogo, wakachimba. Mimi nikaanza kuwaza, na kila nilichotazama kilinitia wasiwasi. Kwenye skrini alama yetu ilikuwa juu ya nyumba. Nyumba ilikuwa upande wa kusini wa kijito, tulikotokea. Suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Baba mudogo, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mashine yako imesema."

"Tumevuka mayi. Mashine inasema hatuyavuka."

Akainama akaangalia suruali yake. "Mutoto wa masomo, na weye unauliza mashine kama nimelowa?"

Shimo lilikuwa limefika magotini. Nikaketi juu ya majani ya mihogo, nikafungua settings. Pembeni ya ile ramani ya Wabelgiji palikuwa pameandikwa Arc 1950. Mimi kwenye program nilikuwa nimeweka WGS 84, kama kila mtu anavyoshauri mtandaoni. Hizo ni datum, yaani mahali ramani inapoanzia kuhesabu dunia. Ramani ya Wabelgiji ilianzia pengine, satellite zinaanzia pengine. Huku kwetu tofauti ni karibu mita mia tatu.

Nikabadilisha. Alama yetu ikaruka kijito. Nyumba ikabaki nyuma yetu, upande wetu wa kijito.

Baba mudogo aliangalia skrini, akaangalia yule mwanaume, akaangalia shimo.

"Mufukie," akasema. "Na mihogo muipande vile ilikuwa."

Yule mwanaume akaja polepole. Alikanyaga udongo tuliourudisha, akautengeneza kwa mguu. Mche mmoja tulikuwa tumeupanda kichwa chini, akaugeuza.

"Tulipotea," baba mudogo akamwambia.

"Nimeona. Poleni na musiba."

Tulirudi upande wetu wa kijito, na saruji ya kaburi la bibi tuliikanyaga kabla ya kuiona. Koko akazikwa kando yake. Baba mudogo aliketi juu ya ile saruji akamwambia bibi kwamba tumechelewa, barabara ilikuwa mbaya.

Kisha akainuka, akajipangusa, akanifuata.

"Sasa mashine iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi tuizungushe kwenye mipaka yote. Ijulikane shamba yetu inaishia wapi, mpaka kule ng'ambo."

Nikawaza. Receiver kama hii inaweza kukosea mita kumi hata ukiwa umeset kila kitu. Mita kumi ni mistari mingapi ya mihogo? Ni nyumba ngapi za kuchoma? Yule mwanaume alikuwa bado amesimama ng'ambo.

Nikafunga laptop. Nikamwambia battery imekwisha.

Akaitukana laptop, akawaita vijana, tukaondoka kabla ya saa tisa.

Wakuu, nilichojifunza: ya USB inatosha, chomeka baada ya kuwasha, weka 4800, na datum isome kwenye ramani yenyewe, usiichukue mtandaoni, hata kwenye uzi huu.

Karibuni kwa maoni, hasa waliopitia kwetu. Battery ilikuwa nusu. Ungekuwa wewe, ungemwambia imebaki kiasi gani?