Gurudumu Lililovuka Mpaka

"Dada, hii baiskeli ni ya nani?"

Aliyeniuliza alikuwa ofisa wa forodha wa Grande Barrière, kizuizi kikubwa cha mpaka kati ya Gisenyi, mji wetu, na Goma upande wa Kongo, Jumapili moja jioni, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na tabia ya kubisha hata nikiambiwa mvua inanyesha. Nilifungua mdomo, nikaangalia baiskeli, nikaufunga. Swali lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza.

Tulikuwa watu watatu wenye baiskeli tatu. Yangu ilikuwa nyekundu, ya kike, niliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hata rimu zake zilikuwa nyekundu, na kwenye spoki za nyuma mwenyewe wa kwanza alikuwa amevisha shanga za plastiki zilizolia kama mbegu ndani ya kibuyu. Ya pili ilikuwa ya mwalimu jirani yangu, aliyerudi kutoka Uganda na baiskeli ya milimani yenye gia kumi na nane. Kumi na tano zilikuwa za kuangalia tu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, ya Kichina, yenye karia pana ya kufungia sanduku, na ilikuja kila Jumapili kutoka Goma ikiendeshwa na binamu yangu, mtoto wa mama mdogo.

Nyeusi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, msambazaji wa mikate, mtu mkali aliyecheka kwa nadra na kwa sababu maalumu. Alimwazima mdogo wake kwa sharti moja: baiskeli ilale nyumbani Jumapili, nzima, kwa sababu Jumatatu alfajiri ina kazi. Isipofika, au ikifika imeharibika, binamu asiiguse tena. Na kwa kuwa mpaka ulifungwa saa kumi na mbili jioni, kila safari yetu ilikuwa na saa yake ya mwisho. Binamu aliitazama saa ya mkononi kama mgonjwa anayehesabu vidonge. Kwake wiki nzima ilikuwa foleni ya kuingojea Jumapili, na alijua kaka yake si mtu wa kutishia bure.

Siku hizo Gisenyi baiskeli ilikuwa punda. Ilibeba maziwa, viazi, kreti za bia, mgonjwa, godoro. Mtu aliyeiendesha mikono mitupu, akaenda mbali, kisha akarudi mikono mitupu, alihitaji kujieleza. Mwanamke aliyeiendesha alihitaji kujieleza mara mbili, maana wanawake wa pale walipakiwa, hawakuendesha. Niliwauliza watu watatu sababu. Wa kwanza alisema ni sketi. Wa pili alisema ni kizazi, eti kinatikisika. Wa tatu alisema hajawahi kuona tu, na yeye ndiye niliyemheshimu.

Asubuhi za Jumapili magari ya mji yalikuwa yamelala au yalikuwa yameegeshwa nje ya makanisa. Lakini sisi hatukutaka hata lile moja la kuchelewa misa, kwa hiyo tulipita njia ya juu, inayopanda kilimani kati ya mashamba ya maharage na vitunguu, kisha inashuka Nyamyumba kwenye chemchemi za maji ya moto. Ni njia ya miguu na mbuzi. Watu walituambia gari la mwisho kuijaribu lilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, na dereva hakusalimia mtu.

Tulikuwa na desturi zetu. Katika kila mlima tulibadilishana baiskeli, ili gia tatu zilizo hai zimfaidi kila mmoja kwa zamu na uzito wa ile nyeusi umtese kila mmoja kwa zamu. Mwalimu aliita huo usawa. Mimi niliuita ujima, na tuligombana juu ya tofauti yake kilomita nzima. Desturi ya pili: wa mwisho kufika chemchemi humpa wa kwanza kiti cha baiskeli yake, mpaka Jumapili nyingine. Mwalimu daima alikuwa na spana mfukoni, na kiti chake kilikuwa kinono, laini, cha kutamaniwa. Cha ile nyeusi kilikuwa cha ngozi kavu juu ya springi mbili, na kilikukumbusha mifupa uliyosahau kuwa nayo.

Jumapili hiyo binamu alitangulia, akiruka mawe kwa kilio cha furaha, na mwalimu akawa wa mwisho. Viti vikabadilishwa pale pale, juu ya nyasi, kwa heshima zote. Tukaingiza miguu majini. Watu wa pale waliamini maji yale yanaponya magoti. Mimi, kwa wiki nne, nilikuwa nikichovya goti moja tu, la kulia, nipate kulinganisha. Matokeo yalikuwa kwamba magoti yote mawili yaliuma sawasawa. Mama mmoja aliyekuwa anaoga karibu alinisikiliza nikieleza jaribio langu, akaniambia kwa upole kwamba maji hayo yanamjua anayeyapima.

Tulirudi kwa njia ya chini, kando ya ziwa. Hatujafika mbali, ile nyeusi ikapita juu ya jiwe lenye makali, na tairi la nyuma likapasuka kwa mlio uliowainua ndege majini. Haikuwa pancha ya kuziba. Tairi lenyewe lilichanika urefu wa kidole, tyubu ikachungulia nje.

Binamu alikaa chini barabarani. Jumapili hakuna duka la vipuri lililo wazi, si Gisenyi wala Goma, na alfajiri baiskeli ina kazi. Aliliangalia tairi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa.

Mimi ndiye niliyetoa wazo, na ninalikiri. Magurudumu ya baiskeli yangu yalilingana kimo na ya ile nyeusi. Nikasema, kwa kuwa hatuna pampu ya kuhamishia tairi peke yake, tufunge gurudumu langu zima la nyuma kwenye nyeusi, lile bovu nibaki nalo mimi, na Jumatatu maduka yakifunguliwa nitanunua tairi. Mwalimu alipinga kwamba rimu nyekundu na shanga zitamfedhehesha msambazaji wa mikate mbele ya wateja. Nikamwambia aibu haijawahi kuzuia gurudumu kuzunguka. Spana ikatoka mfukoni. Dakika ishirini baadaye binamu alikuwa juu ya baiskeli akitabasamu, shanga zikilia, na mimi nilikuwa nakokota nyekundu yangu inayochechemea.

Tulifika Grande Barrière kama saa kumi na moja na nusu. Siku zote tulimsindikiza mpaka pale, tukapunga mkono, akapita. Lakini ofisa wa siku hiyo alikuwa mgeni wa kituo, na alikuwa mtu wa kuandika. Asubuhi, binamu alipoingia, alikuwa amemwandikia karatasi: baiskeli moja, nyeusi, kiti cha ngozi chenye springi, rimu mbili za rangi ya fedha, karia. Iliyoingia itatoka. Binamu aliikunja karatasi mfukoni na kuisahau. Sasa ofisa alikuwa ameikunjua juu ya usukani, anasoma mstari, anaangalia baiskeli, anasoma mstari. Kiti kinono. Rimu nyekundu. Shanga.

Ndipo akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa naongea zaidi.

Nilianza kwa kusema ni ya kaka yake huyu. Kiti ni cha mwalimu, kwa wiki moja. Gurudumu la nyuma ni langu, mpaka kesho. Nilipojisikia nikasimama. Kisha, badala ya kunyamaza, nikafanya nilichofundishwa chuoni: nikauliza swali. Nikamuuliza ofisa, kama mtu akibadilisha cheni ya baiskeli, je, inakuwa baiskeli nyingine?

"Kama cheni iliandikwa," akasema.

Nikauliza, na akibadilisha cheni, kisha pedali, kisha usukani, kidogo kidogo kwa miaka kumi, ni lini hasa inaacha kuwa ile ya kwanza? Mwalimu alinikanyaga mguu. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu ambaye zamu yake inamalizika.

"Dada, mimi sikuulizi baiskeli ni nini. Nakuuliza ni ya nani. Hili gurudumu halikuingia asubuhi. Sasa linataka kutoka. Lina karatasi?"

Halikuwa na karatasi. Nilikuwa natafuta hoja nyingine, na ninaamini ingekuwa nzuri, lakini binamu alinishika mkono, akaniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na uso wake wakati huo ulikuwa wa miaka minane.

"Yaya, uko unasema muzuri. Lakini saa iko inaenda."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na nane. Nikaona jambo ambalo maneno yangu yote yalikuwa yamelifunika. Kama tungerudisha kila kitu mahali pake, baiskeli ingevuka kihalali na kufika imevunjika. Kama tungeacha ilivyo, isingevuka kabisa. Kwa vyovyote, binamu alikuwa amepoteza Jumapili zake, na aliyempotezea kwa mdomo nilikuwa mimi.

Nikamuuliza ofisa swali la mwisho, fupi, la kijinga kuliko yote. Nikiwa na baiskeli yangu, nzima, na kitambulisho changu, naruhusiwa kwenda Goma kuwasalimu ndugu?

Akasema naruhusiwa, kwani nani alinikataza.

Basi tulizigeuza baiskeli zote tatu, kichwa chini magurudumu juu, mbele ya kizuizi. Mwalimu alifungua nati, mimi nilichomoa magurudumu, binamu alishika fremu. Wafanyabiashara waliokuwa wanawahi kuvuka na mabeseni yao kichwani walisimama kutoa ushauri, kila mmoja kwa lugha yake. Mmoja alituambia twende kwa fundi. Mwingine alisema fundi ndiye huyo, yule mwanamke. Nati zilianza kupotea kwenye mchanga, mpaka ofisa mwenyewe akavua kofia akaishika kama bakuli, akasema ziwekwe humo. Alizihesabu kwa sauti. Kiti kinono kikarudi kwa mwalimu. Kiti cha ngozi, rimu ya fedha na tairi lililochanika vikarudi kwa nyeusi. Nyekundu ikapata gurudumu lake na shanga zake.

Ofisa alilinganisha nyeusi na karatasi, mstari kwa mstari, akaridhika. Kisha akaniandikia yangu. Aliandika rimu nyekundu mbili. Akauliza shanga ni ngapi. Nikasema zinabadilika. Akaandika "shanga", bila idadi, na nadhani hilo lilimuuma. Akaongeza kwamba kesho zirudi rimu hizo hizo, si nyingine. Kitambulisho changu kikabaki mezani kama dhamana.

Mwalimu akanipa spana yake, akaahidi kupita nyumbani kuwaambia nimelala Goma, na kumwambia bosi wangu kwamba kesho nitachelewa kwa sababu za kifamilia. Tulivuka, binamu akiinua nyuma ya ile nyeusi kama mtu aliyemshika ng'ombe mkia. Upande wa pili ofisa wa Kongo alitutazama, akatazama saa, akasema, "Bon, pitisheni hizo kinga," maana Goma baiskeli huitwa kinga, na kizuizi kikashuka nyuma yetu.

Hatua hamsini kutoka hapo, mbele ya ukuta wa mawe meusi, tulizigeuza tena baiskeli na kufanya kazi ile ile kwa mpangilio wa kinyume. Sasa mikono yetu ilijua. Tuliingia nyumbani kwa kaka yake jua likizama. Alitoka nje, akaizunguka baiskeli mara moja. Akaliangalia gurudumu la nyuma kwa muda. Akalizungusha kwa kidole, akasikiliza shanga.

"Itatembea kesho?" akauliza.

Binamu akasema itatembea.

"Bon," akasema, akaingia ndani. Binamu aliegemea ukuta, akacheka bila sauti mpaka akalazimika kukaa chini.

Nililala kwenye mkeka sebuleni, nikijisifu kimyakimya kwamba nimeokoa kiamshakinywa cha mtaa mzima. Alfajiri nilisikia sanduku likifungwa kwa mpira kwenye karia, pampu ikikohoa mara tatu, kisha shanga zangu zikishuka mtaa na kupotea. Msambazaji alirudi kukiwa kumeshapambazuka, akanisalimu, akaosha miguu. Saa mbili nilinunua tairi, saa nne nilivuka na rimu zangu mbili nyekundu, na ofisa mwingine kabisa alinirudishia kitambulisho na kuichukua karatasi yangu bila kuisoma.

Tuliendelea na Jumapili zetu karibu mwaka mzima baada ya hapo, mpaka mwalimu alipohamishiwa kusini na mimi nikapata kazi Kigali. Binamu hakunyang'anywa ile nyeusi hata mara moja. Katika miaka yote hiyo niliwahoji mapadri, maofisa, waogaji wa maji ya moto na mabosi wangu wote. Msambazaji wa mikate sikumhoji kitu.

Ilipita zaidi ya miaka kumi. Siku moja nilikuwa jikoni kwa mke wake, tunachambua maharage, nikamsimulia jioni ile ya mpakani, na jinsi tulivyokimbizana na saa ili mkate wa Jumatatu usikose wa kuubeba. Akaacha kuchambua, akanitazama kama anayeamua jambo. Kisha akaniambia kwamba mwenye tanuri alikuwa mlokole, na Jumapili hakuwasha moto. Jumatatu hapakuwa na mkate. Kila Jumatatu alfajiri mume wake alifunga sanduku tupu, ili majirani wasimuulize, akaendesha baiskeli peke yake mpaka ziwani na kurudi, kabla magari hayajaamka.