Ngoma Isiyotakiwa Kusikika

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma, na si wa kuokotwa njiani. Akipiga huku kwetu Ikutha, watu wa ng'ambo ya mto walijua ni yeye, na wasichana waliacha mitungi kisimani. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni haya kusema. Wajukuu zangu wana mikono yake.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mtama ulikauka ukiwa bado magotini, ng'ombe tukawa tunawainua asubuhi kwa kuwavuta mkia. Tulichokula kilitoka kwa kazi yake peke yake. Alikuwa kwenye bendi ya hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, wanakolala wageni wa kwenda kuona ndovu.

Siku moja akarudi nyumbani katikati ya wiki. Mwanaume wa kazi akirudi katikati ya wiki, unaanza kupima unga uliobaki kabla hajafungua mdomo. Alibeba gramafoni ndogo ya betri na santuri moja, vyote vya kiongozi wa bendi.

"Wageni wamebadilika," akaniambia. "Wanataka muziki wa huyu Mmarekani na hawa Wabrazili. Nimepewa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, wanachukua mtu wa Nairobi."

Akaiweka santuri. Gitaa likadondoka polepole kama maji ya mtungi uliotoboka, halafu mwanaume akaanza kuimba kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Nikasema betri zimekufa. Nilizitoa nikazianika juani juu ya jiwe, tukangoja zipate nguvu, tukazirudisha. Sauti ni ile ile!

"Si betri, mama watoto. Huyu Mmarekani kwao ni simba, akiimba na tarumbeta nyuma yake nyumba inatetemeka. Alipokutana na Wabrazili akashusha sauti, ndio gitaa lao lisikike. Sasa naambiwa na mimi nishuke."

Nikaangalia ile mikono. Mikono ya kupasua ngozi ya mbuzi. Itashuka mpaka wapi?

Nilisikiliza tena. Mbrazili anaimba kwa lugha yake, Mmarekani anamjibu kwa Kizungu, na hakuna anayemrukia mwenzake. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wako ukishuka, wa mwenzako uko juu. Hilo nililielewa. Lakini kuelewa hakujazi sufuria.

Akaniomba ungo. Alikaa mlangoni akiupapasa kwa brashi mbili za waya alizopewa kazini za kupigia ngoma taratibu, santuri ikizunguka. Anapapasa, anapapasa, halafu paa! mkono umemtoroka. Mama mkwe akapita na kuni zake.

"Mimi nilizaa mwanaume," akasema, "kumbe ameolewa. Ukimaliza kupeta, mwanangu, utupikie uji."

"Mama, niache."

"Akifukuzwa huko, mama," nikamwambia, "hata huo uji hutauona."

Akatua kuni, akaenda kuwasha moto. Ungo ukaendelea. Paa!

Jumamosi sikuweza kukaa nyumbani, nikamfuata. Kuingia ndani nani angeniruhusu? Nilisimama nyuma ya jikoni, kwenye magunia ya makaa, pamoja na mpishi, Mkamba mwenzetu. Muziki ukaanza. Gitaa nalisikia. Mwimbaji namsikia. Ngoma hakuna.

"Wamemtoa!" nikamwambia mpishi.

"Nyamaza, mama. Ukimsikia, ndio ujue amekwisha."

Ee Mungu wangu. Miaka yote nilitega sikio nimsikie mwanaume huyu, na sasa nimesimama kwenye makaa nikiomba nisimsikie. Sahani ikigongana, nadhani ni yeye. Kijiko kikaanguka sakafuni, nikamshika mpishi shati karibu nilipasue. Wimbo ulikuwa mrefu kama njia ya kwenda kutafuta maji. Ulipoisha, wageni wakapiga makofi machache, makofi ya watu wanaokula.

Mlango ukafunguliwa. Kiongozi wa bendi akatangulia, anajifuta jasho, akamwambia mume wangu bila hata kugeuka, "Jumatatu uje na shati jeupe."

Mume wangu akabaki pale mlangoni na brashi mkononi. Hakuniuliza nimefikaje.

"Umenisikia?"

"Hata kidogo."

Akakaa chini juu ya makaa, na suruali yake nzuri.