Kivuli cha Mjomba Angani

Juzi, katika mgahawa mmoja wa biriani huku Sydenham, kusini mwa Afrika, nilikuta ukuta mzima umechorwa majengo ya Bombay: Lango la India, stesheni yenye kuba, na ule mnara mrefu wa saa. Nikamkumbuka Mjomba Salimu, nikakasirika upya.

Alasiri ile nyumba yetu ya Tanga ilinukia kuku wa nazi. Mjomba, aliyekuwa amepotea miezi mingi, alirudi na picha: yeye na miwani ya jua, nyuma yake mnara uleule. Mama alilia kwa furaha, akampa firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya baba. Baba alipewa shingo, akaitafuna.

Mimi niliikodolea macho ile picha. Kivuli cha mjomba kilikuwa kimelala juu ya mawingu.

"Mjomba, mbona kivuli chako kiko angani?"

Alilamba vidole taratibu. "Jua la Bombay si kama hili lenu."

Wote wakaitikia kwa heshima, nami kwa miaka nikaamini uko mji ambao vivuli hupanda juu. Kumbe alisimama mbele ya kitambaa kilichochorwa, studio ya Korogwe! Hata uongo wake ulikuwa wa kivivu.

Pale mgahawani kijana mmoja wa kwetu akanikabidhi simu, akauegemea ukuta. "Eish, kaka, nipige hapa. Nimtumie mama, ajue nimefika India."

"Sogea mbele," nikamwambia. "Nyumbani kuna watoto."